Dakika 6, milio ya mita 20, kiti au stadi: upime nini kwa mgonjwa, upime nini kwa mtoto?

Mtoto wa miaka 9 mwenye pumu. Kijana wa miaka 14 mwenye mtindio wa ubongo anayetembea bila fimbo. Mzee aliyeruhusiwa kutoka wodini baada ya kuugua mapafu. Darasa zima la wanafunzi wasio na ugonjwa wowote. Wote hawa wanaweza kuletwa kwako na swali moja: mwili wake una uwezo gani? Hakuna kipimo kimoja kinachowajibu wote. Zoezi linalommaliza pumzi mmoja ndani ya dakika mbili humwacha mwenzake hata jasho halijamtoka.

Hapa tunalinganisha vipimo vinavyofanyika bila maabara: kutembea kwa dakika 6, mbio za milio za mita 20, kuinuka na kwenda mita 3, kuinuka kitini, nguvu ya kushika pamoja na kuruka mbele, na seti za stadi za mwendo. Kipimo cha maabara, ambapo mtu anakimbia kwenye mashine au kuendesha baiskeli akiwa amevaa barakoa inayopima oksijeni anayoitumia, bado ndicho rejea ya vyote vinavyohusu pumzi. Ila ni ghali, kinataka wataalamu waliofunzwa, na maswali mengi ya kliniki na shule hayahitaji jibu la kina hicho.

Vigezo vya kuchagulia

Anza na uamuzi, kipimo kije baadaye. Je, matokeo yatatumika kuchuja (nani apelekwe kwa uchunguzi zaidi), kufuatilia (tiba inasaidia au haisaidii), au kupanga mazoezi? Kuchuja kunahitaji kikomo kinachojulikana cha sekunde, mita au kilo. Kufuatilia kunahitaji kipimo ambacho kosa lake la kawaida ni dogo kuliko badiliko unalolitafuta. Kupanga mazoezi kunahitaji kipimo kinachoonyesha upungufu uko wapi: pumzi, nguvu, usawa au uratibu.

Kisha angalia kama kipimo kinamtosha mtu huyo. Kikiwa rahisi mno, kila mtu anapata alama za juu na hujajua chochote. Kikiwa kigumu mno, wote wanapata sifuri, nawe hujajua chochote vilevile. Hili ndilo kosa linaloharibu kazi nyingi kwa watoto, kwa sababu vipimo vilivyobuniwa kwa wazee huhamishiwa kwao bila kuguswa.

Cha tatu ni uelewa. Mtoto wa miaka 4, au mtu mwenye ulemavu wa akili, anaweza kushindwa kwa sababu hakuelewa unachotaka, ilhali misuli yake iko sawa. Cha nne ni viwango vya kulinganishia: vilitokana na watu wa umri gani, na kwa utaratibu upi hasa. Cha tano ni nafasi, muda na idadi ya wasaidizi. Usalama hauhesabiwi humu, maana huo ni sharti. Mwenye maumivu ya kifua yasiyoelezeka, aliyewahi kuzimia akifanya mazoezi, au mwenye ugonjwa wa moyo ambao haujachunguzwa hapimwi kwa zoezi lolote la kuchosha mpaka daktari amwone.

Kutembea kwa dakika 6

*Kinachopimwa.* Umbali ambao mtu anaweza kuutembea kwa dakika 6 akijichagulia mwendo na akiruhusiwa kupumzika. Moyo, mapafu, damu, misuli na ari vinapimwa kwa pamoja, na matokeo hayakuambii ni kipi kati ya hivyo chenye kasoro. Nguvu ya kipimo iko kwingineko: kinafanana na shughuli za kawaida za siku, ambazo nazo hazifiki kikomo cha mwili.

*Vifaa na hatua.* Ujia wa mita 30, tambarare, wenye sakafu ngumu, usiopitwa na watu; alama kila mita 3; koni mbili za kugeukia; kiti; saa ya kuhesabu sekunde; kipima oksijeni cha kidole; na kipimo cha Borg cha 0 hadi 10 cha kueleza ukosefu wa pumzi na uchovu. Anayepimwa akae kitini dakika 10 kabla, bila kupasha misuli moto. Kila dakika inapotimia, sema maneno yaleyale kwa sauti ileile: "Unaendelea vizuri, zimebaki dakika 5", kisha "Endelea hivyohivyo, zimebaki dakika 4", na kuendelea. Usiseme "ongeza mwendo", na usitembee sambamba naye, maana atafuata hatua zako. Akisimama kupumzika, saa haisimami. Mwongozo wa pamoja wa vyama vya Ulaya na Marekani vya magonjwa ya kifua wa 2014 unataka majaribio mawili, yaliyoachana kwa angalau dakika 30, na umbali mkubwa kati ya hayo ndio unaoandikwa. Sababu ni kwamba jaribio la pili kwa kawaida huwa refu kidogo kutokana na kujifunza tu. Ukimpima mara moja kabla ya tiba na mara moja baada ya tiba, sehemu ya "nafuu" utakayoiona inaweza kuwa ni mazoea.

*Panapoharibika.* Ujia mfupi ndio adui wa kwanza. Kwenye ujia wa mita 15 mtu anageuka mara mbili zaidi ya kwenye ujia wa mita 30, na kila kugeuka ni kupunguza mwendo kisha kuuanza upya. Kama una mita 20 tu, tumia hizo, lakini ziwe hizohizo kila mara, na usilinganishe matokeo yako na ya ujia wa mita 30. Mashine ya kutembelea si mbadala. Kwa anayetumia oksijeni, andika kiasi kinachotiririka kwa dakika na nani alibeba mtungi, kwa sababu kuusukuma mwenyewe kunakula mita. Vidole baridi au kucha zenye rangi hukipotosha kipima oksijeni. Andika pia saa aliyotumia dawa ya kufungua njia za hewa.

Upande wa usalama: shambulio la moyo au maumivu ya kifua yasiyotulia ndani ya mwezi uliopita ni marufuku. Mapigo ya moyo zaidi ya 120 mtu akiwa amepumzika, au shinikizo la damu zaidi ya 180 kwa 100, yanakutaka usubiri na kumuuliza daktari. Oksijeni ikishuka chini ya asilimia 80, msimamishe. Ikirudi 85 anaweza kuendelea. Maumivu ya kifua, kuyumba, jasho la ghafla au uso kupauka ni kusimamisha na kutoendelea.

*Kusoma matokeo.* Kwa watu wazima wenye ugonjwa sugu wa mapafu, badiliko la takriban mita 30 ndilo linalohesabiwa kuwa na maana kwa mgonjwa mwenyewe. Mgonjwa aliyeongeza mita 12 bado hajakuthibitishia kitu. Kwa kulinganisha na wenye afya kuna fomula kadhaa. Mojawapo inayotumika sana, ya Enright na Sherrill ya 1998, kwa wanaume inasema: urefu kwa sentimita mara 7.57, toa umri mara 5.02, toa uzito kwa kilo mara 1.76, kisha toa 309. Mwanamume wa miaka 60, sentimita 170, kilo 70, anatarajiwa mita 553 hivi, na kikomo cha chini ni mita 153 pungufu ya hapo, yaani karibu 400. Akitembea mita 420 yuko chini ya wastani lakini ndani ya mipaka ya wenye afya. Fomula iliyopatikana kwa watu wengine itakupa jibu jingine, kwa hiyo itaje kila unapoandika asilimia.

*Kinamfaa nani.* Wagonjwa wa mapafu, wa moyo uliodhoofika lakini uliotulia, wanaojiandaa kwa upasuaji au kutoka humo, na watoto ambao ugonjwa umewapunguzia mwendo. Kwa mtoto mwenye afya kinapoteza makali: urefu wa miguu na hamu ya kutembea vinaamua zaidi kuliko mapafu. Kwa wavulana wenye ugonjwa wa kudhoofika misuli wa Duchenne hutumika utaratibu uliorekebishwa, ambamo njia ni mita 25, mtoto anatiwa moyo muda wote, na mtu mzima anamfuata nyuma kwa ajili ya kumdaka akianguka. Hao wakianza chini ya takriban mita 350 huelekea kupoteza mwendo haraka zaidi. Lakini mvulana wa miaka 5 au 6 anaweza kuongeza mita huku ugonjwa ukiendelea, kwa sababu anakua. Kuongezeka huko kusichukuliwe kuwa ni kazi ya dawa.

Mbio za milio za mita 20

*Kinachopimwa.* Ukomo wa pumzi. Kipimo kilibuniwa na Luc Léger na wenzake mjini Montréal mwanzoni mwa miaka ya 1980, na leo kimo ndani ya seti nyingi za shule, ikiwamo ile ya Baraza la Ulaya.

*Vifaa na hatua.* Mistari miwili iliyoachana mita 20 kamili, nafasi ya zaidi ya mita moja nyuma ya kila mstari, angalau mita moja kati ya mtoto na mtoto, spika inayosikika na rekodi ya milio. Katika toleo la Léger la dakika moja kwa kila hatua, mwendo unaanza kilomita 8.5 kwa saa na kuongezeka 0.5 kila dakika. Hatua ya kwanza inampa mtoto kama sekunde 8.5 za kuvuka mita 20. Ya tano, ambayo ni kilomita 10.5 kwa saa, inampa kama sekunde 6.9. Mguu lazima uguse mstari. Anayechelewa mara mbili mfululizo anatoka. Msaidizi mmoja asisimamie watoto wengi kuliko anavyoweza kuwaona miguu yao. Wanane tayari ni wengi.

*Kusoma matokeo.* Fomula ya Léger ya 1988 kwa umri wa miaka 8 hadi 19 hukadiria matumizi ya juu ya oksijeni: 31.025, jumlisha mwendo wa mwisho mara 3.238, toa umri mara 3.248, jumlisha zao la mwendo na umri mara 0.1536. Mtoto wa miaka 12 aliyemaliza hatua ya kilomita 10.5 kwa saa anapata 45.4, yaani mililita za oksijeni kwa kila kilo ya mwili kwa dakika. Ni makadirio. Yanafaa kueleza kundi. Kwa mtoto mmoja mmoja yana kosa kubwa vya kutosha kukuzuia kumwambia mzazi kwamba moyo wa mwanawe ni dhaifu. Kwa ufuatiliaji, andika idadi ya mizunguko badala ya makadirio.

*Panapoharibika.* Matoleo ya rekodi yako zaidi ya moja. Mengine huanza kilomita 8.0 kisha kuruka hadi 9.0. "Hatua ya 5" ya toleo moja si lazima iwe hatua ya 5 ya jingine, hivyo andika mwendo pia. Ipime rekodi yenyewe kwa saa kabla ya siku ya kazi. Watoto wadogo hukimbia kasi mno dakika ya kwanza wakafika kabla ya mlio. Mweke mtu mzima mmoja akimbie nao hatua mbili za mwanzo. Sakafu yenye vumbi huwafanya wateleze wanapogeuka, na aliyeteleza mara moja anapunguza kasi ya kugeuka mpaka mwisho. Wapo pia wanaoacha kwa sababu rafiki yao ameacha. Mtoto mwenye afya aliyefika kikomo chake kwa kawaida hupita mapigo 180 kwa dakika, kwa hiyo aliyetoka akiwa na 150 na anazungumza bila shida hajapimwa. Na jambo moja tunalisisitiza: kuwatoa watoto wanene mbele ya wenzao wote, mmoja baada ya mwingine, kunawafundisha kuchukia mazoezi. Panga vikundi vidogo, wanaotoka wapewe kazi ya kuhesabu.

*Kinawafaa nani.* Watoto wa shule na vijana wenye afya, na wenye pumu iliyodhibitiwa ambao dawa yao ya haraka iko mkononi. Kwa watoto wenye mtindio wa ubongo wanaotembea, kuna toleo la mita 10 lililochapishwa na Verschuren na wenzake mwaka 2006. Walio ngazi ya kwanza ya GMFCS, mfumo unaowagawa watoto hawa kwa uwezo wao wa mwendo, yaani wanaotembea na kukimbia bila msaada ila kwa wepesi uliopungua, huanza kilomita 5 kwa saa. Walio ngazi ya pili huanza kilomita 2. Wote huongezewa robo kilomita kila dakika. Ukiwapeleka kwenye milio ya mita 20, wengi watatoka dakika ya kwanza kwa kushindwa kugeuka, na utaandika "pumzi duni" kwa mtoto ambaye pumzi yake hukuifikia.

Kuinuka na kwenda mita 3

*Kinachopimwa.* Kuinuka, kuanza kutembea, kugeuka, kurudi, kuketi. Ni mwendo na usawa, pumzi haimo. Podsiadlo na Richardson walikichapisha mwaka 1991 kwa wazee dhaifu.

*Vifaa na hatua.* Kiti chenye mikono, urefu wa kukalia kama sentimita 46, mstari sakafuni mita 3 mbele, na saa. Mgongo uegemee kiti. Kwa neno "anza" anainuka, anatembea mwendo wake wa kawaida, anavuka mstari, anageuka, anarudi na kuketi. Jaribio moja la mazoezi, kisha la kupimwa. Fimbo anayoitumia kila siku inaruhusiwa, nawe unaiandika.

*Kusoma na kukosea.* CDC, taasisi ya Marekani ya kudhibiti magonjwa, huchukua sekunde 12 au zaidi kuwa dalili kwamba mzee yuko katika hatari ya kuanguka. Makubaliano ya Ulaya ya 2019 kuhusu kupungua kwa misuli uzeeni hutumia sekunde 20 kama ishara ya uwezo wa mwili ulioshuka sana. Hayapingani, maana yanajibu maswali mawili. Kosa la kawaida ni kusema "tembea haraka" leo na "tembea kawaida" mwezi ujao. Jingine ni kuandika sekunde tu. Mwenye Parkinson (ugonjwa wa ubongo unaokakamaza mwili na kupunguza mwendo) anayeganda anapogeuka, na mwenye goti bovu anayechelewa kuinuka, wanaweza wote kupata sekunde 16, na tiba zao hazifanani hata kidogo. Andika ulipoona amekwama.

*Kinamfaa nani.* Wazee, waliopata kiharusi, wenye Parkinson, waliokatwa mguu. Kwa watoto kuna namna iliyorekebishwa inayoweza kutumika kuanzia miaka 3: kiti hakina mikono na magoti yanapinda nyuzi 90, mtoto anaambiwa akaguse picha ukutani kisha arudi kuketi, maelekezo yanarudiwa katikati ya zoezi, na saa inaanzishwa makalio yanapoachana na kiti badala ya neno "anza". Hilo la mwisho lina maana kubwa, kwani mtoto wa miaka 4 anaweza kukutazama sekunde 2 nzima kabla hajaamua kuinuka.

Kuinuka kitini

Hiki hupima nguvu na ustahimilivu wa miguu, nacho kinafanyika hata chumbani kwa mgonjwa. Njia mbili zinatumika: kuhesabu mara anazoinuka kwa sekunde 30, au kupima sekunde za kuinuka mara 5. Kiti kisicho na mikono, sentimita 43 hivi, kiegemee ukuta kisiteleze. Mikono ipishane kifuani. Kuinuka kuwe kamili. Katika njia ya sekunde 30, muda ukiisha akiwa amepita nusu ya kuinuka, mhesabie. Akijisukuma kwa mikono, alama ni sifuri. Unaweza kumpima tena kwa mikono na kuandika hivyo, lakini namba hizo mbili zisichanganywe.

Njia ya mara 5 ina viwango vilivyo wazi kwa wazee: zaidi ya sekunde 15 katika makubaliano ya Ulaya ya 2019, na sekunde 12 au zaidi katika yale ya Asia ya mwaka huohuo. Udhaifu wake ni kwamba asiyeweza kumaliza mara 5 hana namba kabisa. Njia ya sekunde 30 humpa hata huyo namba, ndiyo maana kwa wagonjwa dhaifu mno tunaipendelea. Kosa linalojirudia ni saa: wengine huisimamisha anaposimama mara ya tano, wengine anapoketi. Chagueni moja, iandikwe ukutani. Kwa watoto na watu wafupi, kiti kirefu hurahisisha zoezi na kuacha miguu ikining'inia. Pima urefu wa kiti na uuandike. Maumivu ya goti nayo hupunguza idadi bila misuli kuwa na hatia, kwa hiyo uliza alama ya maumivu baada ya zoezi.

Nguvu ya kushika, na kuruka mbele

Dainamomita ya mkono, yaani kifaa kinachobanwa kwa kiganja kupima nguvu ya kushika, ni ya haraka na haihitaji nafasi. Kwa mtu mzima: akae, bega likiwa karibu na ubavu, kiwiko nyuzi 90, apewe majaribio matatu kila mkono. Vikomo vya Ulaya ni chini ya kilo 27 kwa wanaume na 16 kwa wanawake; vya Asia ni 28 na 18. Kwa watoto, seti moja ya Ulaya inayotumika sana shuleni hupima wakiwa wamesimama, kiwiko kimenyooka, na mshiko umerekebishwa kufuata ukubwa wa kiganja. Kiwiko kilichopinda na kilichonyooka hutoa namba tofauti, na hapa ndipo kliniki na shule hushindwa kulinganisha takwimu zao. Kifaa kihakikiwe kwa kutundika uzito unaojulikana. Kipimo hiki hakisemi lolote kuhusu usawa au pumzi, na mtoto mzito hushika kwa nguvu zaidi, hivyo uzito uandikwe pembeni.

Kuruka mbele kwa miguu miwili ni kipimo cha nguvu ya mlipuko ya miguu. Pima kutoka mstari hadi kisigino kilichobaki nyuma zaidi, chukua bora kati ya miruko miwili au mitatu. Akianguka kinyumenyume, arudie. Mwenye hemofilia (ugonjwa wa damu kutoganda vizuri) iliyowahi kuvujisha damu kwenye viungo, au mwenye mifupa inayovunjika kirahisi, asiruke. Mtoto mwenye mtindio wa ubongo anayeweza kukimbia lakini haruki anaweza kupimwa kwa mbio 6 fupi za mita 15, mapumziko sekunde 10 kati yake. Nguvu ya kila mbio ni uzito mara 15 mara 15, gawanya kwa sekunde mara sekunde mara sekunde. Kilo 30 kwa sekunde 5 ni wati 54.

Seti za stadi za mwendo

*Zinachopima.* Jinsi mwili unavyotumika, zaidi ya kiasi cha nguvu ulichonacho. Ndani yake kuna tofauti inayosahaulika: nyingine huhesabu matokeo (amedaka mipira mingapi), nyingine hutazama namna (mikono ilijiandaa, mguu wa kinyume ulitangulia).

Seti ya MABC-2 ni ya miaka 3 hadi 16. Ina kazi 8 katika kila moja ya makundi matatu ya umri: 3 za mikono, 2 za kulenga na kudaka, 3 za usawa. Huchukua dakika 20 hadi 40. Alama iliyo kwenye pasentaili ya 5 au chini yake, yaani miongoni mwa watoto 5 wa chini kabisa kati ya 100 wa umri wake, inaashiria tatizo kubwa la mwendo. Kati ya hapo na ya 15 ni ya kufuatilia. BOT-2 ni pana zaidi, miaka 4 hadi 21, vipengele 53 kwa toleo kamili na 14 kwa fupi, nayo hufaa ukitaka kujua kama tatizo liko kwenye vidole, usawa, wepesi au nguvu. TGMD-3 ni ya miaka 3 hadi 10, stadi 13 za kukimbia, kuruka na kucheza mpira. Kila kigezo hupewa 1 au 0 katika majaribio mawili baada ya moja la mazoezi. Mwalimu wa michezo ataielewa mara moja, kwa sababu kila sifuri inamwonyesha cha kufundisha kesho. GMFM-88 ilitengenezwa kwa ajili ya watoto wenye mtindio wa ubongo: vipengele 88, kuanzia kulala na kubingirika, kuketi, kutambaa na kupiga magoti, kusimama, hadi kutembea, kukimbia na kuruka, kila kimoja 0 hadi 3. Huchukua kama dakika 45 hadi saa moja, pekupeku, majaribio matatu kila kipengele. Mtoto wa miaka 5 asiye na ulemavu anatarajiwa kuvimaliza vyote, na hapo ndipo ukomo wake ulipo: kwa kijana mwenye ulemavu mdogo haitaonyesha badiliko.

*Panapoharibika.* Kuichukulia GMFCS, ambayo ni mgawanyo wa ngazi tano, kana kwamba ni kipimo cha maendeleo. Ngazi hubaki ileile kwa watoto wengi hata tiba ikifanya kazi nzuri. Pia kutangaza kwamba mtoto ana tatizo la uratibu kwa MABC-2 peke yake. Utambuzi unataka ushahidi kwamba maisha ya kila siku yanaathirika, na kwamba hakuna ugonjwa mwingine unaoeleza hali hiyo. Viwango vyake vimetokana na nchi chache. Mtoto ambaye hajawahi kushika penseli au kudaka mpira mdogo anapimwa fursa alizokosa, kwa hiyo soma pasentaili kwa uangalifu na uangalie sehemu ipi imeshusha jumla. Wapimaji wawili wa TGMD-3 wasiofanya mazoezi pamoja kwa video watatofautiana. Mfanye hivyo kwanza mpaka mkubaliane.

*Zinamfaa nani.* Mtoto anayeangukaanguka, anayechelewa kuandika au kufunga vifungo, anayekwepa michezo. Hazimfai anayelalamika kuchoka. Huyo ana swali la pumzi.

Kwa hali yako

Mgonjwa wa mapafu au moyo, mtu mzima, anaanza mazoezi ya tiba na una ujia wa kutosha: dakika 6, mara mbili mwanzoni, pamoja na kuinuka kitini kwa sekunde 30 ili ujue miguu inachangia kiasi gani. Huna ujia: kuinuka kitini kubaki peke yake, na usijaribu kukadiria mita.

Mzee aliyeanguka: mita 3 na kuinuka mara 5, ukiandika alipokwama. Vyote viwili ni chini ya dakika 10.

Shule yenye wanafunzi 40 na saa moja na nusu: mbio za milio kwa vikundi, kuruka mbele, na dainamomita ikiwepo. Walio na vyeti vya daktari wapimwe siku nyingine kwa kile wanachokiweza, wasiachwe pembeni kabisa.

Mtoto mwenye pumu: milio ya mita 20 kama pumu imetulia na lengo ni kujua kikomo. Kama ametoka kulazwa, dakika 6 kwanza.

Mtoto mwenye mtindio wa ubongo, ngazi ya kwanza au ya pili, swali ni pumzi: mita 10 kwa milio. Swali ni kama tiba ya viungo inabadilisha mwendo: GMFM. Ngazi ya tatu, ya nne au ya tano: GMFM, na mita za kutembea zisipewe nafasi ya kuamua thamani ya tiba.

Mtoto mwenye ulemavu wa akili: kipimo chochote, ila siku ya kwanza iwe ya kumwonyesha na kumjaribisha tu, bila namba. Matokeo ya siku ya pili ndiyo yaingie kwenye faili.

Mtu ameshapimwa kwa utaratibu usiofahamika mahali pengine na sasa unahitaji kulinganisha: usilinganishe. Pima upya kwa utaratibu wako, andika urefu wa njia, urefu wa kiti, viatu, dawa, saa na maneno uliyotumia, na hapo ndipo ufuatiliaji uanzie.